Omba faili kwanza, turubai baadaye

Mchana mimi ni fundi madishi. Ukikaa Tanga mjini na king'amuzi chako kikagoma siku ya mechi, huenda ni mimi niliyepanda juu ya bati lako na spana mfukoni huku watoto wako wakipiga kelele chini, "Imekuja! Imeondoka! Imekuja!" Kazi hiyo ndiyo iliyonipa ngazi, waya mrefu, mkono wa kufunga vitu mahali penye upepo, na kujuana na wenyeviti wa mitaa kuanzia Duga hadi Chumbageni. Mtaji huo ulinitosha kuanza kazi ya pili ambayo haina malipo ya maana: kutundika turubai jeupe kwenye kiwanja cha mtaa usiku na kuonyesha video ambazo watu wamezitengeneza wenyewe na kuzipandisha mtandaoni.

Nachagua kazi za watu wanaojitegemea. Hakuna kituo cha televisheni nyuma yao, hakuna kampuni. Nimeonyesha kichekesho cha dakika nne kutoka Mbagala, filamu fupi ya binti wa Mombasa aliyoipiga yote kwa simu, na video ya kijana wa hapa hapa aliyemfuata mama yake baharini siku nzima maji yakiwa bamvua, akichokoa pweza. Zote zipo mtandaoni na mtu yeyote anaweza kuzitazama bure. Ndiyo maana kila mtaa ninaoingia kuna mzee wa kuniuliza: sasa kama zipo kwenye simu, wewe unatuletea nini?

Namjibu hivi. Bando la siku linaishia kwenye WhatsApp na magoli. Anayebakiwa na bando hutazama peke yake, kidole gumba kiko tayari kusukuma. Sekunde ya tano isipomfurahisha, anapita. Kiwanjani hakuna kidole gumba. Watu mia mbili wamekaa kwenye mikeka, na video ikishaanza inabidi ijitetee mpaka mwisho. Ikichosha, utasikia. Ikipendeza, utasikia zaidi.

Na jambo lenyewe si geni kwetu. Pandeni Usambara mpaka Vugiri, wilaya ya Korogwe. Huko, kati ya 1935 na 1937, kulikuwa na mradi ulioitwa Bantu Educational Kinema Experiment, uliolipiwa kwa fedha za Carnegie Corporation ya Marekani. Walipiga filamu 35 wakitumia waigizaji Waafrika, kisha wakapakia mitambo kwenye lori na kuzunguka nazo Afrika Mashariki na Kati, wakionyesha usiku viwanjani. Habari zenyewe zilikuwa minyoo, kodi, kilimo na faida ya kuweka akiba posta. Ninapofunga kamba za turubai huwa nawafikiria wale waliokuwa wakifunga kamba za lori lile. Kamba ni zilezile. Ila wale walioketi chini walikuwa wakionyeshwa walichochaguliwa ili wawe watu wa namna fulani, na hakuna aliyewauliza wao wangependa kuonyesha nini.

Mjini nako kulikuwa na nyumba za sinema, zikafa. Vikaja vibanda umiza, ambavyo bado vipo, vingi sasa vikiishi kwa mpira wa Uingereza. Kizazi changu kilikulia humo, kwenye benchi la mbao, joto kama la tanuri, tukisikiliza filamu za Kichina na Kihindi zikitafsiriwa na Lufufu. Nasema tukisikiliza kwa makusudi. Picha ilikuwa ya kwao, lakini hadithi ilikuwa ya Lufufu. Ndiyo maana sijawahi kumwambia mtu anyamaze kwenye maonyesho yangu. Mtazamaji wa kwetu anazungumza na turubai, anamwonya dada kwamba mchumba huyo ni tapeli, anamcheka polisi. Wageni wawili watatu waliowahi kuhudhuria walidhani ni fujo. Kampala, kwenye kitongoji cha Wakaliga, Isaac Nabwana na wenzake wa Wakaliwood waliielewa hali hii mapema: filamu yao iliyowapa jina duniani ilipandishwa mtandaoni ikiwa na sauti ya mtafsiri wa kibandani juu yake, akitania, akishangilia, akiwasifu wao wenyewe. Mzungu akiwa sebuleni kwake anatazama kibanda kizima.

Basi nije kwenye kazi.

Vijana wanaotaka kuanzisha maonyesho kwenye mitaa yao hunijia na swali la projekta. Inauzwa wapi, ya bei gani, ya Kichina inafaa? Projekta ni jambo dogo. Inaazimwa, inakodishwa, shule inayo, kanisa linayo. Jambo kubwa ni faili. Lazima umpate aliyetengeneza video, umwombe ruhusa, na akupe faili lenyewe kutoka kwenye kompyuta au simu yake.

Kuna sababu tatu za kutofungua YouTube mbele za watu na kubonyeza. Ya kwanza ni masharti ya YouTube yenyewe, ambayo wengi hatuyasomi: wanakuruhusu kutazama kwa matumizi yako binafsi yasiyo ya biashara, na wanataja waziwazi kwamba huruhusiwi kuzionyesha video hizo hadharani. Kuzishusha bila idhini nako wanakukataza. Lakini mwenye video hakuwauzia YouTube kazi yake, ni yake bado. Akikupa yeye faili kwa mkono wake, akasema onyesha, hapo hamna kesi na YouTube. Sababu ya pili ni mtandao wenyewe. Mtaa mzima ukikutazama, duara likianza kuzunguka katikati ya picha, utatamani ardhi ipasuke. Ya tatu ni matangazo. Nimewahi kukaa kwenye onyesho la watu wengine ambapo katikati ya video ya mtoto mgonjwa liliingia tangazo la kubeti, spika zikiwa juu kabisa, mabibi wa msikitini wakiwa mstari wa mbele. Onyesho lile halikupona.

Kuomba kuna adabu zake. Ujumbe wa "mambo, naomba video yako" hujibiwa "poa kaka, chukua tu," na hiyo si ruhusa, ni salamu. Mimi huandika jina la video, tarehe, mtaa, kwamba hakuna kiingilio, kwamba jina lake litasomwa kwa sauti kabla na baada, na kwamba sitaikata wala kuipandisha mahali pengine. Namwomba anijibu kwa maandishi kwamba amekubali, na jibu hilo nalihifadhi. Wengi hushangaa. Mmoja alinipigia simu kuuliza kama ni utapeli, maana hakuna aliyewahi kumwomba. Video zake zilikuwa zimezagaa kwenye kurasa za watu wengine, jina lake limefunikwa kwa nembo zao, na mimi fundi madishi ndiye wa kwanza kubisha hodi.

Halafu muulize kuhusu muziki. Hapa ndipo vijana wanapokwama. Kichekesho ni chake, waigizaji ni rafiki zake, lakini chini yake kuna wimbo wa bongo fleva ambao hakuulipia. Mtandaoni mambo huenda kwa sababu mfumo wa YouTube huutambua wimbo na mara nyingi mwenye wimbo huamua kuchukua fedha ya matangazo badala ya kuifuta video. Makubaliano hayo ni ya huko huko. Hayakupi wewe haki ya kuupiga wimbo kwenye kiwanja cha Makorora. Kwa nyimbo za namna hiyo anza kwa kuuliza COSOTA, ofisi ya hakimiliki, nani anatoa kibali, au unafanya ninavyofanya mimi mara nyingi: namwomba mtengenezaji anipe nakala isiyo na wimbo ule, au ambayo ameuondoa na kuweka kinanda cha jirani yake. Kwa mshangao wangu, nakala hizo huwa nzuri zaidi. Wimbo maarufu huifanyia video kazi ambayo video ilipaswa kuifanya yenyewe.

Zipo pia video zilizowekewa leseni huria za Creative Commons, na hizo ni rehema kwa mtu kama mimi, mradi usome herufi zake. Yenye BY unamtaja mwenye kazi, basi. Yenye NC usitoze mlangoni wala usiiingize kwenye biashara ya mtu. Yenye ND usiiguse: usiikate, usiitungie sauti ya tafsiri juu. Hiyo ya mwisho inanihusu sana kwa sababu mara nyingi natamani kuweka Kiswahili juu ya video ya Kiamhari au Kifaransa, na hapo inabidi nirudi kwa mwenyewe kuomba.

Faili lenyewe usilipokee kwa WhatsApp kama video. WhatsApp inalikamua mpaka linabaki maji. Kwenye simu hutaona, lakini kwenye turubai la mita nne nyuso za watu zinakuwa vigae. Mwambie alitume kama dokumenti, au aliweke kwenye hifadhi ya mtandaoni, au kama yuko mjini aje na flashi tunywe chai. Ya flashi ndiyo naipenda, kwa sababu tukinywa chai ananieleza mambo ambayo hayamo kwenye video.

Vibali. Wengi wanadhani kwamba video ikishakuwa mtandaoni tayari ni halali kuonyeshwa popote. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza, Namba 4 ya 1976, ilitungwa kabla mtu yeyote hapa hajaota intaneti, na yenyewe inaangalia kitu kimoja: unaonyesha picha hadharani? Basi ikaguliwe. Haijali kwamba watu milioni wameshaiona chumbani kwao. Kwa hiyo mimi huanzia kwa afisa utamaduni wa halmashauri, nikiwa na orodha, urefu wa kila video, na flashi ya kumwachia. Yeye ndiye hunielekeza kinachohitajika kufika Bodi ya Filamu. Nenda mapema na uende na subira. Usimpelekee linki, mpelekee flashi, maana na yeye bando lake lina mwisho. Wenzangu wa Mombasa wana bodi yao ya uainishaji Nairobi, na malalamiko yao yanafanana na yetu kiasi kwamba tukizungumza kwenye simu hatujui nani analalamikia nchi gani.

Mwenyekiti wa mtaa ni safari nyingine. Usimpigie. Nenda kwake asubuhi, shikamoo, kaa, zungumza kwanza habari za mvua na za Coastal Union, kwamba tangu ubingwa wa 1988 tunaishi kwa kumbukumbu. Halafu eleza. Atakuuliza mambo mawili: kuna siasa ndani, na kuna picha chafu? Akiridhika atakuitia mtendaji, na barua ya kituo cha polisi utaandikiwa hapo hapo. Mwenyekiti akiwa upande wako, hata kiwanja chenye ugomvi wa mipaka kinapatikana. Nimewahi kutundika turubai juu ya mpaka wenyewe, nusu huku nusu kule.

Kuchagua siku kunahitaji kalenda tatu: ya ligi, ya dini na ya shughuli za watu. Simba na Yanga zikicheza, lala nyumbani. Jumamosi usiku ni ya vibanda umiza, usishindane nao, na isitoshe wenye vibanda ndio watakuazima mabenchi. Ramadhani napumzika kabisa. Siku nyingine nasubiri Isha imalizike, kama saa mbili hivi, na kabla ya hapo sina haraka kwani hata jua likizama saa kumi na mbili na nusu, mwanga wa angani unachukua muda kuisha na picha inaonekana kama imepakwa unga. Kukiwa na msiba mtaani, unaahirisha bila kuulizwa. Na uliza kama kuna kigodoro usiku huo. Spika za kigodoro huwezi kuzishinda, na hata ungeziweza, mama wa bibi harusi hatakusahau.

Sasa vifaa, kwa ufupi. Turubai langu ni mita 4 kwa mita 2 na robo, uwiano wa 16 kwa 9, kitambaa cheupe kizito, na nyuma yake nafunga kitambaa cheusi. Cheusi hicho watu hukipuuza. Bila hicho taa za bodaboda zinazopita nyuma zinapenya na kumulika katikati ya uso wa mwigizaji. Upepo wa kusi ukikaza, mwezi wa sita na wa saba, turubai linajaa kama tanga la jahazi na linaweza kung'oa nguzo, kwa hiyo miezi hiyo natumia ukuta wa nyumba uliopakwa chokaa na mwenye nyumba anafurahi kwamba nimempakia bure. Projekta ya lumeni 3,000 inatosha kwa ukubwa huo kukiwa na giza la kweli. Umeme natoa kwa jirani na namnunulia uniti za LUKU kabla, mbele ya mashahidi, ili kusiwe na maneno. Jenereta ninalo kwa dharura, naliweka mbali kadiri waya unavyofika, nyuma ya kitu kizito.

Zima kila kitu kwenye kompyuta: mtandao, kengele za ujumbe, na ile tabia yake ya kulala ikiachwa. Mtaa mzima hauhitaji kujua nani anakudai.

Kwenye sauti ndiyo nataka kukaa, maana onyesho likiharibika mara nyingi ni sauti. Mtu husamehe picha hafifu. Sauti asiyoisikia haisamehi, anainuka. YouTube ina mazoea ya kupunguza sauti ya video zilizorekodiwa kwa nguvu ili zisipishane sana na nyingine, kwa hiyo ukitazama simuni hugundui kwamba huyu amerekodi kwa kunong'ona na yule kwa kupasua masikio. Ukipokea faili halisi, punguzo lile halipo. Unacheza video ya kwanza, mabibi wanasema hatusikii, unaongeza. Inaingia ya pili, watoto wanalia. Kwa hiyo siku mbili kabla nakaa na mafaili yote, nayapitisha kwenye programu ya bure ya kusawazisha sauti, nayasikiliza mfululizo, hasa sekunde za mwisho za kila moja na za mwanzo za inayofuata, hapo ndipo mshtuko unapotokea.

Tena, vijana wengi huchanganya sauti zao wakiwa na visikilizio masikioni. Muziki unakaa chini ya maneno vizuri kabisa. Nje, penye upepo, bila kuta za kurudisha sauti, muziki unameza maneno yote. Ninachofanya ni kupunguza besi, kuinua spika juu ya vichwa vya watoto, na kuziweka karibu na turubai, siyo kandokando ya watu. Watu hupenda kuziweka mbali ili "sauti ienee", halafu mdomo unazungumza mbele na maneno yanatokea mgongoni.

Video za kusimama, zile za kupigwa simu ikiwa wima, zilinisumbua kichwa. Kwenye turubai la kulala zinakuwa kamkanda katikati, pande mbili giza. Kuzikata nimekataa, maana ni kazi ya mtu. Mwishowe naziweka zote kwa pamoja, fungu moja, na kwenye lile giza la pembeni naandika kwa herufi kubwa jina la mtengenezaji na mahali anapotoka. Watu wamelizoea fungu hilo na wanaliita "za mlangoni", kwa kuwa zinafanana na mtu anayechungulia mlango.

Kupanga orodha ndiko ninakokupenda kuliko yote, na ndiko kulikonifunza kitu nisichokisoma popote. Idadi ya watazamaji wa mtandaoni haitabiri chochote. Vichekesho vyenye watazamaji mamia ya maelfu nimeviona vikifa kiwanjani, na si kwa sababu havichekeshi. Vinachekesha mno, na kwa haraka mno. Mtengenezaji anaogopa kidole gumba, kwa hiyo anakata kila pumzi. Utani unafuata utani. Kiwanjani watu mia mbili wanacheka sekunde nane, kumi, wanapigana mabega, mtu anamrudia jirani maneno, na wakati huo mizaha mitatu mingine imeshapita bila kusikika. Wakinyamaza wamepotea, hadithi imewaacha. Baada ya mara mbili wanaacha kucheka ili wasikose, na onyesho la kichekesho linageuka mtihani.

Kijana mmoja wa vichekesho alikuja mwenyewe kutazama kazi yake. Alisimama nyuma kwenye kivuli cha mwembe na kofia amevuta chini. Alipoona hali ile hakusema kitu. Wiki zilizofuata akaniletea nakala mpya. Alikuwa ameacha nafasi: baada ya kila utani, kamera inakaa kwa shangazi anayemtazama mpwa wake bila kusema. Uso ule wa shangazi kiwanja kizima kiliushangilia kuliko utani wenyewe. Akaniambia, "Fundi, ile ya mtandaoni nimeiacha vilevile. Hii ya kwako ni nyingine." Sasa ana nakala mbili za kila video. Naona ni mtu mwenye akili kuliko wengi wenye kamera za mamilioni.

Kwa hiyo orodha yangu haianzi na kichekesho. Watu bado wanaingia, wanatandika, wanagombea nafasi. Naanza na kitu cha kutazama tu, kisicho na maneno mengi: bahari, shamba la mkonge, mapango ya Amboni. Kisha kichekesho kimoja kilichopumua. Katikati naweka kile kizito. Kisha za mlangoni. Mwisho filamu fupi yenye hadithi, isiyozidi dakika ishirini, kwa kuwa ikifika saa nne wanafunzi wanatakiwa walale na mabibi wameanza kutafuta ndara zao gizani.

Kile kizito cha katikati ndicho kinachobaki midomoni. Kijana mmoja wa Mwambani alitengeneza video kuhusu silikanti, yule samaki ambaye wanasayansi walidhani ametoweka zamani mno mpaka mmoja alipovuliwa Afrika Kusini 1938. Kwetu walianza kunaswa nyavuni kuanzia 2003, na 2009 ikatangazwa hifadhi ya bahari kwa ajili yake, ikichukua ukanda wa pwani wa karibu kilomita 100 kutoka Tanga kuelekea kusini. Video ilikuwa ya dakika saba, ya heshima, ikisifu samaki. Nimeionyesha kwenye mtaa wa wavuvi. Ilipoisha nikasimamisha kabla ya inayofuata, na mzee mmoja akainuka bila kuitwa. Akasema samaki anamjua, nyama yake mafuta matupu na hailiki, na kwamba yeye anachotaka kujua ni mipaka ya hifadhi ilichorwa na nani na kama mchoraji aliwahi kuulizia mahali ambapo yeye hutega. Mwingine akamjibu kwamba bila hifadhi wapiga baruti wangemaliza matumbawe yote na asingekuwa na pa kutega. Ikawa nusu saa. Mwenye video alikuwepo, daftari mkononi, akiandika. Mtandaoni video ile ilikuwa na maoni sita, matatu yakiwa emoji za moto na makopa.

Baada ya hapo nilianza kuacha nafasi ya mazungumzo baada ya kile cha katikati, bila kipaza sauti. Kipaza sauti kinawaita wale wanaopenda kipaza sauti.

Fedha. Kiingilio sitozi. Mama wa kachori na mama wa chai ya tangawizi wanapanga meza zao na wanachangia kidogo kwa hiari, vijana wa bodaboda wanapata abiria wa kurudi, na kopo linapita. Kinachopatikana nagawa: sehemu ya umeme na usafiri, sehemu kwa waliotengeneza. Fungu la mtengenezaji ni dogo na namtumia kwa simu na maneno "ya onyesho la mtaa fulani". Ni fedha ya vocha, lakini wengi wameniambia ndiyo ya kwanza waliyowahi kupata kutokana na video zao. Wanaofikiria kwamba mtandao unalipa wanawatazama watatu wanne walio juu. Chini yao kuna maelfu wanaolipia bando kwa jasho lao ili kuipandishia kampuni ya mbali video za bure. Na 2018 zilipokuja kanuni za maudhui ya mtandaoni, mtu wa namna hiyo akitaka kuwa na televisheni ya mtandaoni aliambiwa leseni, shilingi milioni moja ya kuanzia na milioni nyingine kila mwaka. Wengine waliacha kabisa. Ninao wawili ambao kazi zao za zamani zipo kwenye flashi yangu na popote pengine hazipo.

Wadhamini wamewahi kuja. Mmoja, mwaka wa uchaguzi, alitaka dakika tano tu mwanzoni, picha yake na salamu zake, na yeye atalipia projekta mpya. Projekta yangu inapiga kelele kama mashine ya kusaga na nilihitaji mpya kwelikweli. Nilikumbuka swali la mwenyekiti wa mtaa nikamjibu hapana. Muuza sare za shule naye alikuja, akaomba jina lake lisomwe mara moja, akatoa mikeka kumi. Hiyo nilipokea, na mikeka bado ninayo.

Onyesho lijalo ni Tongoni, karibu na magofu, ijumaa ya kwanza baada ya mechi za kimataifa, Mungu akipenda na mvua ikituheshimu. Orodha iko hivi: mama wa pweza anarudi kwa ombi la watu, kichekesho cha shangazi, video ya wanafunzi wa Korogwe kuhusu kiwanda cha mkonge, za mlangoni nane, na filamu fupi ya Kiswahili kutoka Bujumbura ambayo mwenyewe amekubali kwa maandishi lakini faili lake limekwama kwenye asilimia 61 tangu juzi. Lisipofika hadi Jumatano, nafasi yake inachukuliwa na binti wa Mombasa, na yeye ameshanitumia flashi kwa basi.

Wakazi wa Tongoni, njooni na mikeka. Mabenchi ni ya wazee.